Balozi Anapoaga Ikulu: Ni Nani Hasa Anayeagana na Nani?

Mwanzoni mwa Agosti 2022, zikiwa zimebaki siku chache tu Wakenya wapige kura, Meg Whitman alifika Ikulu ya Nairobi akamkabidhi Rais Uhuru Kenyatta hati zake za utambulisho. Uchaguzi ukafanyika Agosti 9. Septemba 13 William Ruto akaapishwa Kasarani, Uhuru akaenda zake, na balozi yule yule wa Marekani akaendelea na kazi bila kuombwa hati nyingine. Katika miaka miwili na ushei aliyokaa hapa, karibu muda wote alifanya kazi na rais ambaye siye aliyempokea.

Naanza na jambo hili dogo kwa sababu linatoa mwanga kuhusu mjadala unaozuka Nairobi kila balozi mkubwa anapofunga mizigo. Picha inatoka Ikulu: rais na balozi wamesimama mbele ya bendera, mmoja ameshika zawadi, wote wanatabasamu. Inaonyeshwa kwenye taarifa ya saa moja jioni. Kufikia asubuhi watu wamegawanyika, kwenye matatu, ofisini na kwenye makundi ya WhatsApp. Huyu anasema rais amepoteza rafiki. Yule anasema balozi ameondolewa kimyakimya. Mwingine ameangalia jinsi walivyoshikana mikono, na kwa hilo ameshajua misaada itapungua. Tunaitazama picha ile kama watu wanaotazama picha za harusi ya jirani, tukitafuta nani amenuna. Maswali yenye uzito hatuyaulizi.

Barua kati ya viti viwili

Hati ya utambulisho ni barua. Kiongozi wa nchi moja anamwandikia mwenzake: huyu ninayemtuma mwamini, na atakalolisema kwa niaba yangu lihesabu kama nimelisema mimi. Kabla barua haijaandikwa, jina la mtu huyo huwa limeshapelekwa kwa mwenyeji bila makelele ili atoe ridhaa. Mkataba wa Vienna kuhusu Uhusiano wa Kidiplomasia, uliotiwa saini mwaka 1961 na kuanza kutumika mwaka 1964, unasema kwenye kifungu cha 4 kwamba mwenyeji akilikataa jina halazimiki kueleza sababu. Kwa hiyo majina yanayokataliwa huzikwa bila matanga, na sisi wananchi huwajua tu wale waliopita.

Enzi za wafalme barua hiyo ilikuwa ya mtu na mtu. Mfalme akifa, barua ilikufa naye, na balozi alilazimika kuletewa nyingine. Kwa jamhuri mambo ni tofauti. Rais hupita, kiti hubaki. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 132, inampa rais jukumu la kuwapokea wajumbe wa nchi za nje, lakini anawapokea kwa niaba ya Jamhuri. Ndiyo sababu Whitman hakuhitaji kurudi Ikulu na bahasha mpya baada ya Ruto kuapishwa. Barua ilikuwa imetoka kwenye kiti cha Washington ikaingia kwenye kiti cha Nairobi, na viti vyote viwili vilikuwa palepale.

Lugha yetu hapa inatusaidia na kutuponza kwa wakati mmoja. Kiingereza huwatofautisha wajumbe wanaotumwa kati ya nchi za Jumuiya ya Madola na wale wa nchi nyingine, kila kundi na cheo chake. Sisi wote tunawaita mabalozi, na hatukosei, maana kazi ni ile ile. Lakini neno hilo hilo kwa ndugu zetu wa Tanzania ni pia la balozi wa nyumba kumi, jirani anayejua nani kapata mgeni na nani hajalala kwake. Nadhani kuna kitu cha balozi huyo wa mtaani kimeingia katika jinsi tunavyowafikiria mabalozi wa Gigiri na Upper Hill: tunataka awe mtu wetu, anayetujua, anayetusemea kwa mkubwa. Balozi wa kigeni hakuletwa kwa kazi hiyo. Mwajiri wake yuko mbali, na hata anapotutetea, anafanya hivyo kwa sababu mwajiri ameona ina faida.

Kuondoka kwenyewe

Balozi huondoka kwa sababu nyingi, na nyingi kati ya hizo hazimhusu mwenyeji hata kidogo. Muda wake umekwisha, amestaafu, amepandishwa cheo, serikali ya kwao imebadilika. Kwa Marekani sababu hii ya mwisho ina uzito wa pekee. Mabalozi wao ni wa aina mbili: waliokulia katika utumishi wa kidiplomasia, ambao kwa kawaida hukaa miaka mitatu hivi na huweza kuvuka kutoka rais mmoja hadi mwingine, na wateule wa kisiasa, ambao hutarajiwa kufungasha rais aliyewateua anapoondoka. Whitman, aliyewahi kuziongoza kampuni za eBay na Hewlett-Packard, alikuwa wa aina ya pili. Donald Trump alishinda uchaguzi Novemba 5, 2024. Wiki moja hivi baadaye Whitman akatangaza kwamba amemwandikia Rais Joe Biden barua ya kujiuzulu.

Mitandaoni Nairobi habari hiyo ilipokelewa na baadhi ya watu kama ushindi wa vijana walioandamana Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha, na wengine wakaiona kama pigo kwa Ruto. Kalenda yenyewe haisemi hivyo. Aliyeamua hatima ya Whitman ni mpiga kura wa Pennsylvania na Georgia.

Sasa, kuaga. Hakuna kifungu chochote cha Mkataba wa Vienna kinachomlazimisha rais kumwalika balozi anayeondoka kwa chai. Kinachotakiwa kisheria ni kavu kabisa: serikali inayomwita mjumbe wake inaijulisha wizara ya mambo ya nje ya mwenyeji kwamba kazi yake imefikia mwisho, na jina la atakayeshikilia kwa muda linapelekwa wizarani. Hata ile barua rasmi ya kumwondoa, kwa desturi, haiji na yeye. Huletwa na mrithi wake, pamoja na hati zake mpya, pengine miezi mingi baadaye. Kwa maana hiyo, siku ile ya picha na zawadi, kwenye makaratasi balozi bado hajaondolewa.

Kumbe tunachokiona pale Ikulu ni adabu tu. Na adabu hii tunaifahamu vizuri kuliko tunavyodhani, kwa sababu hata kwetu mgeni haondoki bila kuaga na mwenyeji hamwachi mgeni afike barabarani peke yake. Unamsindikiza hata kama amekukera wiki nzima. Ndiyo maana picha ya kuagana, ikiwepo, haituambii mengi. Ikikosekana ndipo pa kuuliza.

Urafiki na Ikulu una bei

Nchi hii imewahi kuwa na balozi aliyegombana na rais waziwazi, na ikawa na balozi aliyeonekana kuwa karibu mno na rais. Ukiwaweka wawili hao pamoja unapata somo ambalo mmoja peke yake hawezi kulitoa.

Smith Hempstone alikuwa mwandishi wa habari kabla ya George H. W. Bush kumtuma Nairobi mwaka 1989. Mei 3, 1990, akizungumza na wanachama wa Rotary hapa mjini, alieleza kwamba Bunge la Marekani lilikuwa likielekea kuzipendelea kwa misaada nchi zinazolea taasisi za kidemokrasia, zinazoheshimu haki za binadamu na zinazoruhusu vyama vingi. Siku hiyo hiyo wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia waliita wanahabari wakadai mfumo wa vyama vingi. Serikali ya Rais Daniel arap Moi haikuamini kwamba mambo hayo mawili yalikutana kwa bahati. Mwanzoni mwa Julai, Matiba, Rubia na Raila Odinga wakatiwa kizuizini. Ikaja Saba Saba, yaani Julai 7, uwanja wa Kamukunji ukawaka, na wakili Gibson Kamau Kuria akakimbilia ubalozi wa Marekani kabla ya kuruhusiwa kusafiri kwenda ng'ambo. Novemba 1991 wafadhili waliokutana Paris walisimamisha misaada mipya. Desemba, wajumbe wa chama tawala, KANU, walikutana Kasarani wakakubali, na kifungu cha 2A cha Katiba kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kikafutwa.

Viongozi wa KANU walimwandama Hempstone kwa maneno makali miaka yote hiyo. Walisema anaingilia mambo ya ndani ya nchi. Na tukisoma kifungu cha 41 cha Mkataba wa Vienna, kinachowataka wanadiplomasia wasiingilie mambo ya ndani ya mwenyeji, hoja yao haikuwa ya kubuniwa. Upinzani ulimwona mkombozi. Hapo nami nasita: waliopigwa na kuuawa Kamukunji na mitaa ya jirani hawakuwa na pasipoti za kidiplomasia, na sifa ya mwaka 1991 ni yao kwanza. Lakini ni kweli pia kwamba sauti ya mtu asiyeweza kukamatwa iliwapa wengine nafasi ya kupumua.

Sasa songa mbele hadi Agosti 2023, mjini Eldoret, kwenye kongamano la ugatuzi. Whitman alisimama akausifu uchaguzi wa 2022 kuwa wa kuaminika kuliko wote katika historia ya Kenya. Raila, ambaye alikuwa ameyapinga matokeo hayo hadi Mahakama ya Juu na ambaye wafuasi wake walikuwa wametoka kwenye maandamano yaliyomwaga damu, alimjibu kwenye jukwaa la kongamano hilo hilo. Alimtaka anyamaze, la sivyo wangeomba aitwe nyumbani. Alimkumbusha kwamba Kenya si Marekani.

Tazama jinsi meza ilivyogeuka. Mwaka 1990 Raila alikuwa kizuizini, na balozi wa Marekani aliyesema waziwazi kuhusu siasa za Kenya alikuwa faraja kwa upande wake. Mwaka 2023 balozi wa Marekani alisema waziwazi kuhusu siasa za Kenya, na kwa marehemu Raila hilo likawa kosa la kumrudisha mtu kwao. Upande wa serikali nao uligeuka vivyo hivyo: waliorithi kiti cha Moi hawakulalamika hata kidogo kuhusu uhuru wa nchi siku ile ya Eldoret. Simlaumu mmoja wao. Ninachosema ni kwamba hapa kwetu kifungu cha 41 tumekifanya mzani wenye jiwe upande mmoja. Balozi akisema linalotufaa, ni rafiki wa demokrasia. Akisema linalomfaa mwenzetu, ni mkoloni.

Halafu ikaja wiki ile ambayo naamini hakuna balozi angeimaliza salama. Mei 2024 Ruto alikuwa amepokewa White House kwa ziara rasmi ya kitaifa, ya kwanza kwa rais wa Afrika tangu John Kufuor wa Ghana mwaka 2008. Jumatatu Juni 24, Biden aliitangaza rasmi Kenya kuwa mshirika mkuu wa Marekani aliye nje ya NATO, hadhi ambayo hakuna nchi nyingine kusini mwa Sahara iliyokuwa nayo. Jumanne Juni 25, kundi la kwanza la polisi wetu likatua Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, kupambana na magenge, kazi ambayo Marekani ilikuwa mfadhili wake mkubwa. Na Jumanne hiyo hiyo vijana waliopinga Mswada wa Fedha waliingia Bunge letu, na risasi za moto zikawaua wenzao barabarani.

Kwa saa chache, hadhi ile ya heshima, ndege ya Haiti na maiti za Parliament Road vilikaa kwenye ukurasa mmoja. Balozi kadhaa za Magharibi, ya Marekani ikiwemo, zilitoa taarifa ya pamoja ya kusikitishwa. Wengi waliiona haitoshi. Walitaka Whitman, aliyekuwa mwepesi wa kuisifu nchi kwa wawekezaji, awe mwepesi vivyo hivyo kuililia. Nami nilikuwa miongoni mwa waliosubiri neno lenye makali zaidi, na bado naamini lilistahili kusemwa.

Hata hivyo, kumlaumu yeye kama mtu ni kuirudia ile hadithi ya harusi. Serikali yake ilikuwa imeweka mtaji mkubwa kwa Ruto: Haiti, usalama wa Pembe ya Afrika, ushindani na China. Ukaribu ule haukuzaliwa kwa sababu wawili hao walipendana. Uliagizwa. Balozi mwingine wa Biden angekuwa na tabasamu tofauti, lakini angekuwa na maagizo yale yale mfukoni.

Ushahidi wa hili ulikuwepo mapema. Kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, Uingereza na nchi nyingine za Ulaya zilisema wazi kwamba zingekuwa na mawasiliano ya lazima tu na mtu anayekabiliwa na kesi kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu. Uhuru Kenyatta alikuwa mshtakiwa. Akashinda, akaapishwa Aprili, na Mei akawa London kwenye mkutano kuhusu Somalia, ameketi na Waziri Mkuu David Cameron. Mawasiliano ya lazima yalinyooshwa hadi yakaingia Downing Street. Kiti kilikuwa kimepata mwenyewe, na kesi ilikuwa bado ipo.

Anayemsema mwenyeji, na anayeumia naye

Edward Clay aliiwakilisha Uingereza hapa kuanzia 2001 hadi 2005. Julai 2004, mbele ya wafanyabiashara wa Kiingereza mjini Nairobi, alisema ufisadi wa watu fulani serikalini umekuwa ulafi wa kupindukia hadi wanawatapikia wafadhili viatuni. Serikali ya Rais Mwai Kibaki ilikasirika ikadai ushahidi. Mapema mwaka uliofuata alirudi na orodha ya mikataba aliyoitilia shaka. Mwezi huo wa Februari 2005, John Githongo, aliyekuwa mshauri wa Kibaki kuhusu maadili, alijiuzulu, na sakata la ufisadi la Anglo Leasing likatoka minong'ono ya ofisini likawa habari ya kila nyumba.

Tofauti ya Clay na Hempstone ni rais waliyekuwa naye. Moi alijibu mwenyewe, na kila mwenyekiti wa tawi la KANU akajibu kwa niaba yake. Kibaki alikuwa mtu wa kunyamaza. Alimwacha balozi azungumze na mawaziri wake wakwaruzane naye, huku mlango wa Ikulu ukibaki umefungwa nusu. Kwa balozi, nadhani hilo la pili ni gumu zaidi.

Kisa cha Norway kinaonyesha hali ikifika mwisho wa kamba. Oktoba 1990, baada ya Koigi wa Wamwere, mpinzani wa Moi aliyekuwa amepata hifadhi Norway, kushtakiwa hapa kwa uhaini na Norway kulalamika, Kenya ilivunja uhusiano wote. Hapo hakuna picha, hakuna chai. Balozi anapewa siku za kuhesabu, na miradi ya misaada inafungwa naye.

Lakini nisingependa ionekane kama balozi ana njia mbili tu, kumkumbatia rais au kumkemea. Prudence Bushnell alikuwa balozi wa Marekani Agosti 7, 1998, bomu lilipolipuka kwenye kona ya Barabara ya Moi na Haile Selassie. Alikuwa kwenye jengo la Cooperative lililo jirani, akaumia, akateremka ngazi za giza pamoja na Wakenya waliokuwa wakivuja damu. Watu 213 walikufa Nairobi, wengi mno wao wakiwa raia wetu wenyewe. Alikuwa ameshawaandikia wakubwa wake kwamba jengo lile si salama. Alipoondoka mwaka uliofuata, uhusiano wake na nchi hii haukuwa wa kupimwa kwa mikutano ya Ikulu.

Ubalozi ukahamishiwa Gigiri, nyuma ya kuta nene, mkabala na makao ya Umoja wa Mataifa. Usalama ulihitaji hivyo, na waliofiwa hawawezi kuupinga. Lakini zamani mtu aliyepita Moi Avenue akienda stesheni ya reli aliupita ubalozi huo kwa miguu. Leo balozi huweza kumaliza muhula wake akiwa amezunguka kati ya Gigiri, Muthaiga, Ikulu na hoteli za mikutano. Balozi anayeishi hivyo huijua nchi kupitia wenye nafasi ya kumfikia, na mwenye nafasi kubwa kuliko wote ni rais.

Faili au namba ya simu

Kifungu hicho hicho cha 41 kina sentensi nyingine ambayo haitajwi sana barabarani: shughuli zote rasmi za ubalozi zipitie wizara ya mambo ya nje ya mwenyeji, au wizara nyingine iliyokubaliwa. Kwetu maana yake ni Wizara ya Mashauri ya Kigeni, Harambee Avenue, kwenye lile jengo la zamani la Hazina. Balozi anaandika, afisa anapokea, kikao kinafanyika, mtu ananukuu, faili linafungwa kwa kamba na kupewa namba.

Nairobi inajua njia nyingine pia. Balozi wa nchi kubwa ana namba ya mtu aliye karibu na rais, na rais ana namba yake. Jambo linalochukua wiki tatu Harambee Avenue linamalizika usiku mmoja kwa simu. Viongozi hupenda hivyo kwa sababu ni haraka. Mabalozi hupenda hivyo kwa sababu wakubwa wao huwapima kwa jinsi walivyo na mlango wazi.

Hasara yake huonekana siku ya kuondoka. Balozi akipanda ndege, urafiki wa simu unaondoka kwenye mkoba wake. Afisa wa wizarani anayetakiwa kuendeleza mazungumzo hajui nini kiliahidiwa, kwa sharti gani, na badala ya nini. Haiti, mikataba ya biashara, fedha za afya, kila kimoja kina ahadi ambazo Mkenya alipaswa kuweza kuzifuata hadi kwenye karatasi. Kwa hiyo picha ya kuagana inapotoka, mimi sitazami sura za waliosimama. Natamani mwanahabari mmoja aulize: yaliyokubaliwa katika muda wako yameandikwa wapi, na wizara ina nakala?

Swali hilo lina uzito zaidi kwa sababu balozi akishaondoka, hana wajibu wa kutujibu tena, ila anaweza kuongea anavyotaka. William Attwood, balozi wa kwanza wa Marekani katika Kenya huru, aliondoka mwaka 1966 akiwa anajulikana kuelewana vizuri na Mzee Jomo Kenyatta. Mwaka uliofuata alichapisha kumbukumbu zake, zikiwa zimejaa siri za siasa za wakati ule. Serikali ikakipiga kitabu marufuku. Yaliyosemwa faraghani yalikuwa yamegeuka bidhaa dukani, na aliyemfuata kwenye kazi ndiye aliyekuta milango imerudishwa. Hempstone naye aliandika chake baadaye. Na Clay, miaka mitatu baada ya kuondoka, aliambiwa kwamba hatakiwi tena kukanyaga Kenya. Kwa kweli hatua ya kumtangaza mwanadiplomasia kuwa mtu asiyetakiwa, iliyo kwenye kifungu cha 9 cha Mkataba wa Vienna, ni ya mtu aliye kazini au anayekaribia kuanza kazi. Kwa mstaafu hilo ni zuio tu la kuingia nchini. Serikali ilitumia jina zito kwa jambo jepesi, labda kwa sababu kidonda kilikuwa bado kibichi.

Kuhusu kinga, watu huuliza kama balozi akiondoka anaweza kushtakiwa. Kifungu cha 39 kinasema kinga yake hubaki hadi aondoke au hadi muda wa kutosha wa kuondoka upite, na kwa yale aliyoyafanya kama sehemu ya kazi rasmi, kinga hiyo haiishi kamwe. Ni ile kanuni ambayo wazee wetu waliifupisha kwa maneno mawili, mjumbe hauawi, ikaandikwa upya na mawakili.

Kwa sasa tazama kinachotokea kwenye kiti. Whitman alipoondoka, kazi ilishikwa na kaimu balozi. Kaimu ana ofisi ile ile, wafanyakazi wale wale, na gari lenye namba nyekundu. Lakini jina lake lilipelekwa wizarani tu. Hakukabidhi hati kwa rais, hakukagua gwaride la heshima, na katika mpangilio wa itifaki anakaa nyuma ya mabalozi kamili. Nchi kubwa ikimwacha kaimu kwa muda mrefu, mara nyingi ni kwa sababu siasa za kwao hazijatulia, kwa kuwa mteule wa Marekani ni lazima apite Seneti. Ila mwenyeji hulisoma kama baridi, na wizara yetu ingefanya vyema kulisoma kama nafasi: huu ndio wakati wa kurudisha mazungumzo Harambee Avenue, maana mtu aliyepo amepelekwa huko huko.

Siku atakapokuja balozi mpya, atafanya kama Whitman alivyofanya: ataingia Ikulu na bahasha mbili, yake na ya kumwondoa aliyemtangulia. Hapo ndipo muhula wa Whitman utafungwa rasmi. Na Sikukuu ya Jamhuri ikifika, wanadiplomasia watapangwa kwa kifungu cha 16, yaani kwa tarehe kila mmoja aliyoanza kazi, bila kuangalia ukubwa wa jeshi wala wa uchumi. Mgeni huyo kutoka Washington atasimama mwisho wa mstari, nyuma ya mjumbe wa kisiwa kidogo aliyefika mwezi mmoja kabla yake.